Bega la Mama Mkwe

Krr. Krr. Krr.

Kijiko kilikuwa kinakwaruza mdomo wa kopo jikoni, na nje kulikuwa bado giza.

Mwongeli alipapasa upande wa pili wa kitanda. Blanketi tupu. Gedion alikuwa ameamka.

Kwa wale ambao gazeti la Jumamosi iliyopita lilikwenda kufungia nyama kabla hawajalisoma, tulimwacha Mwongeli, fundi wa nguo wa Kitui mjini, amesimama kama mti mbele ya picha aliyoichora mumewe. Maonyesho yenyewe ni ya wachoraji wa mjini, wa Kenya na wa Tanzania, wale wanaochora kuta na magari. Picha ya Gedion ni ya mwanamke aliyejifunga leso kifuani, amenyanyua beseni juu ya kichwa, na mvua inamnyeshea. Beseni limeuficha uso. Lakini kwenye bega la kushoto kuna kovu la moto, na kovu hilo Mwongeli alilijua tangu aliponyonya. Ni la mama yake mzazi.

Kabla hajapata pumzi, simu ikalia. Akina mama wa kanisa la Matinyani wamekodi gari. Kesho wanakuja kuona kazi ya mkwe wa Mbula, mama yake Mwongeli, na Mbula mwenyewe ndiye atakayeketi mbele.

Kesho hiyo ndiyo imekucha leo.

Mwongeli alitoka kitandani bila viatu. Gedion alikuwa amechuchumaa sakafuni, kopo katikati ya magoti, kijiko mkononi. Mezani kulikuwa na kikombe kilichofunikwa kwa kisahani. Hata katika taabu yake, alikuwa amekumbuka kumchemshia mkewe chai.

"Unafanya nini, Gedi?"

"Nafungua rangi. Ile kahawia."

"Saa hii?"

"Nikipaka kidogo tu pale kwa kovu, linakuwa bega la mtu yeyote. Hakuna atakayelijua."

"Lakini wewe ulilionaje?"

Gedion hakuinua macho. "Kwa ile picha ya simu yako. Mimi nilidhani ni maji yanang'aa, Mwongeli. Nikasema mwanga kama huu siwezi kuuacha. Uso niliuficha kwa heshima. Niliuficha kabisa!"

Mwongeli aliketi juu ya ndoo.  Ile picha ya simu ni yeye aliyeipiga, siku mvua iliponyesha Matinyani baada ya kiangazi kirefu, na mama yake akatoka bafuni mbio kutega beseni, bega wazi, akicheka kama msichana. Mwongeli alifurahi mno siku hiyo. Aliporudi mjini akamwonyesha mumewe: "Tazama mama yangu!"

Hakufikiri. Mkamba gani anamwonyesha mumewe bega la mama yake?

Maana huku kwetu, mkwe na mama mkwe hawatazamani usoni. Hawapeani mkono. Akipita huyu, yule anakaa kando ya njia. Mama mkwe hafungui hata kitambaa cha kichwa mbele ya mkwe, sembuse bega. Gedion naye alikulia Sultan Hamud, kwenye gereji za barabarani, akichora matatu tangu utotoni. Heshima hiyo aliijua kwa kuambiwa. Alishika ile ya uso, akadhani ndiyo yote.

Na Jumamosi ijayo, jamani, ndiyo siku ya ntheo, mbuzi wa kuhalalisha ndoa. Ndugu za Gedion wataleta mbuzi kutoka Sultan Hamud mpaka Matinyani, na baba mdogo Mwangangi, ndugu wa marehemu baba yake Mwongeli, ndiye atakayewapokea. Bila mbuzi hao, Mwongeli si mke wa mtu mbele ya wazee, hata kama amepika katika nyumba hii miaka mingapi na kuzaa mtoto ndani yake. Mwangangi akisikia mkwe amechora bega la Mbula, mbuzi watarudishwa langoni.

"Vaa viatu," Mwongeli akasema. "Twende."

Jirani yao Khamisa alimpokea mtoto wao Kanyiva mlangoni akiwa bado na ushungi wa sala.  Alisema tu, "Nendeni, uji nitampa mimi."

*

Ukumbi ulikuwa wazi. Salama, mchoraji kutoka Tanga ambaye ndiye kiongozi wa maonyesho, alikuwa anafagia mwenyewe.

"Jamani, wenyeji wamewatangulia wageni!" akacheka. Kisha akaliona kopo. Kicheko kikaisha. "Gedi, hiyo rangi ya nini?"

"Kuna mahali padogo nataka kurekebisha."

"Hapana, ndugu yangu. Picha ikishatundikwa haiguswi. Tulikubaliana hivyo, sisi wa Tanga na ninyi wa huku. Ukigusa yako leo, kesho kila mtu atagusa yake."

"Ni padogo tu, dada Salama."

"Padogo wapi?"

Gedion akahamisha kopo mkono wa pili. 

"Ni mama yangu," Mwongeli akasema.

Salama aligeuka akaitazama picha, akatabasamu. "Huyu? Hongera yake! Mwanamke mzuri kama huyu, mimi ningejisifu."

"Ni mama yangu, dada. Gedi ni mkwe wake. Na anakuja leo, pamoja na kanisa lote."

Ufagio ulisimama. Salama alitazama lile bega, akamtazama Gedion, akalitazama bega tena. Polepole akaketi kwenye benchi.

"Yallah," akasema. "Kwetu nako mkwe hafanyiwi mchezo. Gedi, mbona hukusema? Nilipokuuliza ni nani ukaniambia ni mwanamke wa mvua."

"Niliona haya."

"Sasa ndiyo utaziona." Lakini alisema kwa huruma. Akainuka, akachovya kidole ndani ya kopo, akanusa. "Hii ni rangi ya mafuta, ya magari. Ukiipaka sasa itakauka kesho. Wageni wataingia wakute bega limelowa, linang'aa kama taa. Kila mtu atalitazama hilohilo."

"Basi tuiteremshe!" Mwongeli akasema.

Wote watatu waliitazama. Gedion hakuwa amechora kwenye kitambaa kama wenzake. Alikuwa amechora kwenye ubavu wa matatu kuukuu, bati zima kutoka taa ya mbele hadi ya nyuma, na lilikuwa limefungwa ukutani kwa boliti. Kulipandisha kulihitaji wanaume wa gereji nzima.

Nje, honi ikalia. Mwongeli akakimbilia mlangoni kuchungulia; halikuwa gari la Matinyani.

 Salama alifungua kanga aliyojitanda mabegani, akapanda juu ya benchi, akaitundika juu ya picha. Haikutosha. Akaingia chumba cha nyuma, akarudi na doti ya kanga aliyokuwa amemnunulia mama yake zawadi, bado haijakatwa. Wakaitundika nayo. Kovu likafunikwa. Mvua ikafunikwa. Zikabaki nyayo mbili tu chini, na matope.

"Haya," Salama akasema, huku mikono yake wazi imeingiwa na ubaridi. "Atakayeuliza, haijakamilika."

Mwongeli alitaka kumshukuru. Akampangusia tu vumbi begani.

*

Lakini tazama mambo ya binadamu. Ukutani kulikuwa na picha za kila aina. Kulikuwa na mlango wa matatu wenye simba, bajaji ya Tanga iliyochorwa masoko na mawingu, ukuta mzima wa nyuso za makanga wa magari. Watu walipita mbele ya hizo zote kama wapitao dukani. Wote walikwenda kusimama mbele ya kanga.

"Hii imefichwa kwa nini?"

"Pengine ni ya watu wazima."

"Aah, basi tuione!"

Gedion alizunguka akiwafukuza kwa upole kama mtu anayefukuza kuku kwenye mtama. "Haijakamilika. Tazameni ile ya simba. Haijakamilika, mzee."

Halafu gari la Matinyani likafika.

Walishuka wakiimba, vitambaa vyeupe kichwani. Mbula alishuka wa mwisho, mwembamba, amevaa gauni ambalo Mwongeli alimshonea Krismasi. Begani alining'iniza kiondo kilichojaa ndengu.

Gedion alipoliona lile gauni tu, alirukia nyuma ya mbao zilizotenga ukumbi. Ungesema amefukuzwa na nyuki.

"Mwaitu, karibu," Mwongeli akasema. Mama yangu, karibu.

"Nimekaribia, mwanangu. Mbona macho yako yamevimba? Mtoto ni mzima?"

"Ni mzima. Ni usingizi tu."

"Hizi ndengu ni za wageni wenu wa Tanzania. Watu wametoka mbali, hawawezi kurudi mikono mitupu." Akamtazama Salama, aliyesimama amejikunyata bila kanga. "Na huyu binti mbona anatetemeka? Chukua." Akavua sweta yake akampa.

Salama aliipokea kwa mikono miwili. Macho yake yalikutana na ya Mwongeli, yakakimbia.

Mbula alitembea polepole kutoka picha hadi picha. Aliucheka mlango wa simba. Aliigusa bajaji kwa kidole. "Hii yote imefanywa na mikono? Na yake ni ipi?" Jina la mkwe hakulitaja. Hakuwahi kulitaja.

"Yake... bado haijakamilika, Mwaitu."

"Iko wapi nione hata nusu?"

"Si hiyo hapo iliyojitanda kama bibi harusi!" Hiyo ilikuwa sauti ya Kavata. Kila kanisa lina Kavata wake. Huyu wa Matinyani ni mweka hazina wa akina mama, na hakuna kifuniko cha sufuria alichopita bila kukiinua. "Tumetoka Matinyani kuona kanga? Leso si tunazo nyumbani!"

"Kavata, iache," Mwongeli akasema.

"Naangalia kidogo tu, Mama Kanyiva, siili."

Akavuta.

Kanga ya kwanza ikaanguka. Ya pili ikafuata.

 Mvua ya Gedion ilishuka kwenye lile bati jekundu kutoka juu hadi chini, na yule mwanamke alisimama katikati yake na leso yake, na bega lake, na kovu.

"Aiya!" mtu akasema.

Kavata alisogea karibu. Sauti yake haikuwa ya mzaha tena. "Mbula. Hili kovu si nalijua? Si tulioga mtoni pamoja tukiwa wasichana?"

Mbula alipandisha kiondo begani.

"Hili ni bega lako. Mimi nilioga nawe ndiyo maana nalijua. Mume wako, Mungu amrehemu, alilijua. Sasa mkwe," Kavata akageukia wenzake, "mkwe aliliona wapi?"

Hapo ndipo Mwongeli alipotakiwa kusema. Alikuwa na maneno yote tayari, aliyapanga tangu alfajiri: ni mimi, nilimpiga picha kwa simu, nikamwonyesha mume wangu, kosa ni langu. Alifungua mdomo.

Akilini akawaona mbuzi wanarudishwa langoni. Akamwona baba mdogo Mwangangi amefunga mikono kifuani. Akawaona akina mama hawa wote wakimtazama, wanawake waliomfundisha nyimbo za shule ya Jumapili.

Akaufunga mdomo. Akainamisha kichwa.

"Ni mimi niliyempa," Mbula akasema.

Mwongeli aliinua uso.

"Mimi," mama yake akarudia, na sauti yake ilikuwa tulivu kama anayesoma tangazo kanisani. "Nilimwambia Mwongeli anipige picha siku ile, ampelekee mumewe aichore. Mnakumbuka tulivyoteseka na kiangazi? Nilitaka mvua ile isisahaulike. Kuna mwenye swali lingine?"

Hakuna aliyekuwa nalo. Mama mmoja akacheka kidogo. Mwingine akasema, "Kwa kweli mvua yenyewe ameiweza." Kavata akapiga makofi. "Mbula, kumbe umekuwa wa kisasa hivyo na hutuambii!"

Wakaanza kusogea tena. Nyuma ya mbao, kitu kikaanguka. Nafikiri ni Gedion aliyekaa chini ghafla.

Mwongeli alimjua mama yake. Mwanamke huyo hajawahi kudanganya hata kumwambia mgeni kwamba ameshiba.

*

Walipobaki wawili, Mbula aliketi kwenye benchi, mgongo wake kwenye zile mbao. Nyuma yake, upande wa pili, pumzi za Gedion zilisikika.

"Mwambie mume wako," Mbula akamwambia binti yake, "mvua ni nzuri."

Mwongeli hakuhitaji kurudia. Sauti ilitoka nyuma ya mbao, imekauka. "Mwambie mama, naomba msamaha. Mwambie nilidhani ni maji."

"Mwambie nimesikia."

"Mwambie sitachora tena mtu wa Matinyani."

"Mwambie asiseme mambo ya haraka. Achore tu, lakini aulize."

Mwongeli alipiga magoti mbele ya mama yake. "Mwaitu, mbona ulisema vile?"

"Nilikuona umeinama. Sikuweza kukuangalia ukiwa umeinama mbele ya Kavata."

Kama angempiga kofi, Mwongeli angeona nafuu.

Simu ya Mbula ikalia kutoka kwenye kiondo. Ni ile ya vibonyezo vikubwa, na sauti yake husikika hadi barabarani. Mwongeli alimtazama Kavata kule mlangoni, akaona anaficha yake haraka ndani ya mkoba. Basi. Picha ilikuwa imeshatumwa.

"Mbula!" Ni sauti ya Mwangangi, nzito. "Nimeletewa picha hapa."

"Nakusikia, shemeji."

"Nataka kujua kitu kimoja. Wanasema ni wewe mwenyewe ulitoa ruhusa. Ni kweli?"

Mbula aligeuka akaitazama ile picha. Mwongeli alishika goti la mama yake kwa nguvu. 

"Mbula?"

"Ndivyo nilivyosema," Mbula akajibu.

Mwangangi alishusha pumzi. "Kama ni wewe, mimi nani? Bega ni lako. Mbuzi watapokewa Jumamosi. Lakini wazee wamechafuka moyo. Kesho baada ya ibada utasimama mbele, useme maneno hayohayo, kila mtu asikie kwa kinywa chako. Ukishasema, yameisha."

Simu ikakatika.

"Bwana asifiwe!" Mwongeli alilia na kucheka pamoja. "Mwaitu, umetuokoa! Ni kusema tu kama ulivyosema leo."

Mama yake hakucheka.

"Kesho ni meza ya Bwana, Mwongeli."

"Najua, lakini..."

"Nitakula mkate na uongo mdomoni? Hapa nilidanganya kwa sababu roho iliruka. Kule nitakuwa nimelala nao usiku mzima."

"Ni maneno machache tu, Mwaitu! Useme tu mara moja! Nani ataumia?"

Mara aliposema hivyo, alijisikia. Sauti yake mwenyewe ilimrudia kutoka kwenye ukumbi mtupu, sauti ya mtu anayemsukuma mama yake mzee asimame mbele ya Mungu aseme uongo, kwa sababu binti yake aliogopa kusema kweli mbele ya mweka hazina.

Alificha uso wake kwenye lile gauni la Krismasi. Hakuweza kuutoa.

Mkono wa mama yake ulimshuka kichwani, ukamsuka kidogo nywele zilizofumuka juu ya sikio, kama zamani.

"Mwambie mama," Gedion akasema kutoka nyuma, "nitakwenda kanisani mimi. Nitasimama niseme."

"Mwambie mkwe hasimami mbele ya wazee kabla mbuzi wake hawajapita lango. Watamtoa nje kabla hajafungua mdomo." Mbula akainuka, akakung'uta gauni. "Nitasema mimi, na nitasema kweli."

"Basi watakataa mbuzi!" Mwongeli akasema.

"Pengine watakataa."

"Na mimi nitakuwa nani?"

 Honi ya gari ililia. Akina mama walikuwa wamekwisha panda, wanaimba wimbo wa kurudi nyumbani. Salama alikuja mbio kurudisha sweta. Mbula akakataa, akamfunga kifungo cha juu kwa mkono wake mwenyewe. Kisha akapanda, akaketi mbele.

Mwongeli alisimama chini ya dirisha. Alitaka kusema neno moja la kweli, hata moja, lakini Kavata alikuwa kiti cha nyuma, sikio limeelekea kwao. Mbula akaona. Akatoa kichwa nje, akateremsha sauti.

"Mwongeli, sikiliza. Sijui kesho itakuwaje. Mwangangi akikasirika anaweza kufunga lango, na lango ni lake."

"Ndiyo, Mwaitu."

Gari likaanza kusogea. Mbula alishika vidole vya binti yake dirishani mpaka mkono ukamponyoka.

"Hata akifunga, wewe njoo tena," akasema. "Njoo na mtoto. Na yeye aje, asimame mbali kule njiani. Msiingie. Uniite tu, mwanangu, nitatoka."